Soka la kulipwa lilianza kwa slipu ya uongo

Ukitoka stesheni ya treni ya Victoria pale Manchester jengo unaliona hapo hapo, refu, vioo vitupu, kwa juu limeshuka mshazari kama mtu kalikata na kisu. Hayo ndiyo Makumbusho ya Taifa ya Mpira wa Miguu ya Waingereza. Mwanzo yalikuwa Preston, kwenye uwanja wa Deepdale, yakafunguliwa 2001, halafu 2012 ndo yakahamia hapa. Wakazi wa jiji wanaingia bure, mgeni analipa, nami nililipa nikashinda humo ndani toka asubuhi mpaka wanakaribia kufunga.

Wengi nilioingia nao walikimbilia kule kwenye mashine za kupiga penalti, siwalaumu, walikuja na watoto. Mimi nikakwama mbele ya kombe moja dogo. Dogo kweli yaani, la fedha, kwenye kifuniko kasimama kimtu cha mpira, ukilibeba kwenye mfuko wa sokoni hakuna atakayejua una nini. Ni Kombe la FA, yaani la chama cha mpira cha Uingereza, lililotumika kuanzia 1896 mpaka 1910. Lile la kwanza kabisa liliibiwa Birmingham, Septemba 1895, Aston Villa walikuwa mabingwa wakampa muuza vifaa vya michezo mmoja, William Shillcock, aliweke dirishani kwa duka lake watu walione, usiku wezi wakapita nalo na mpaka leo halijapatikana. Villa wakapigwa faini ya pauni 25 na lingine likatengenezwa, na kazi ikafanywa na kampuni ya usonara ya Howard Vaughton, ambaye huyo huyo alichezea Villa na lile lililoibiwa alishalibeba kwa mikono yake mwaka 1887. Sasa hili la pili, 2020 liliuzwa mnadani kwa pauni 760,000, akalinunua Sheikh Mansour mwenye Manchester City.

Nikasimama pale nikiangalia hizo namba mbili, 25 na 760,000, nikajiuliza na waliolikimbilia uwanjani, wao walikuwa wanapata ngapi? Na walikuwa wanazipata vipi, maana kwa muda mrefu kulipwa kwenyewe ilikuwa kosa.

Huku kwetu kuna wimbo tunauimba kila siku, vijiweni, redioni, hata wachambuzi wakubwa nao: zamani watu walicheza kwa mapenzi ya jezi, hela ndo imeharibu mpira. Mimi mwenyewe nimeuimba sana. Sasa baada ya kusoma na kuzunguka mle ndani nataka niseme wazi kwamba huo wimbo ulitungwa na watu waliokuwa na hela tayari, na walioumia nao ni wale ambao hawakuwa nazo.

Angalia ilivyokuwa. FA imeanzishwa 1863 na mabwana wa London, watu waliosoma shule za bei mbaya. Fainali ya kwanza ya Kombe la FA, 1872, Wanderers waliwafunga Royal Engineers 1-0, yaani wasomi dhidi ya maafisa wa jeshi. Hawa kucheza kwa ridhaa hakukuwagharimu kitu, mtu ana shamba la baba yake, ana ofisi, Jumamosi ni yake yote na Jumatatu akitaka nayo ni yake. Lakini mpira ukapanda kaskazini, Lancashire, kwenye viwanda vya nguo, na huko saa za mtu zinamilikiwa na king'ora. Sheria ya 1850 ndiyo iliwapa wafanyakazi wa viwanda vya nguo kutoka saa nane mchana siku ya Jumamosi, na ukitaka kujua kwa nini mechi za Uingereza kwa asili zinaanza saa tisa, ndo hapo, mtu atoke kazini, ale, afike uwanjani.

Sasa chukua Darwen, mji mdogo wa viwanda. Mwaka 1879 timu yao ikafika robo fainali, ikapangiwa Old Etonians, timu ya waliosoma Eton, moja ya zile shule za bei mbaya, na mechi zote zilikuwa lazima zichezwe London. Wakasafiri. Zikiwa zimebaki dakika kama 15 wanapigwa 5-1, wakarudisha yote, 5-5. Wakaomba muda wa nyongeza, Etonians wakakataa. Rudi tena London, 2-2. Rudi mara ya tatu, na nauli zenyewe ni michango ya watu wa mtaani, wakafungwa 6-2. Kila safari ni siku za kazi zinapotea kwa mtu anayelipwa kwa anachozalisha. Wenzao Etonians walikuwa wanatoka nyumbani tu. Mtu akikwambia hapo wote walikuwa wanacheza kwa usawa kwa sababu hakuna anayelipwa, huyo hajawahi kukatwa mshahara.

Na kwenye timu hiyo ya Darwen kulikuwa na Waskoti wawili, Fergus Suter na James Love. Suter alikuwa fundi mawe kutoka Glasgow. Inasimuliwa alipofika Lancashire akaacha ufundi, akasema mawe ya huku ni magumu mno, na bado maisha yakaendelea vizuri tu bila nyundo. Kila mtu alijua anakula wapi. 1880 akahamia Blackburn Rovers, majirani na mahasimu, na hasira za Darwen siku hizo mtu wa Dar au Nairobi anaweza kuzielewa bila maelezo.

Hapa nikamkumbuka baba mdogo. Miaka ya themanini alichezea timu ya shirika moja, silitaji, winga wa kulia, na kwenye makaratasi yeye alikuwa mtu wa stoo. Ndivyo mfumo ulivyokuwa kwetu, na si Tanzania peke yake, Kenya nako kampuni za bia, benki na posta zilikuwa na timu zao kwa mtindo huo huo. Unaajiriwa, unapewa cheo, asubuhi unaripoti, saa nane mpo mazoezini. Alikuwa anatuambia, mimi mpira ulinilipa kwa jina la stoo. Sisi watoto tulikuwa tunacheka. Halafu goti likaenda. Wakamvumilia msimu mmoja, menejimenti ikabadilika, orodha ya kupunguza watu ikatoka na jina lake lipo, na mafao akahesabiwa kama msaidizi wa stoo wa daraja la chini kwa miaka ile michache. Hakuna karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba aliumia akiwa kazini, kwa sababu kazi yake ya kweli haikuandikwa popote. Kwa hiyo nikisoma habari za Suter na nyundo yake sicheki tena.

Basi turudi Lancashire. 1883 Blackburn Olympic wakafika fainali wakakutana na hao hao Old Etonians, na safari hii wakawafunga 2-1 kwenye dakika za nyongeza. Goli la ushindi alifunga Jimmy Costley, msokotaji wa nyuzi kiwandani. Kepteni Albert Warburton alikuwa fundi bomba. Kabla ya fainali waliwekwa kambini Blackpool, mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma akagharamia, na London wakakasirika sana, eti kujiandaa kwa ajili ya mechi ni kitu cha ajabu, ni kukosa uungwana. Toka siku hiyo timu ya mabwana haijabeba Kombe la FA tena.

Mwaka uliofuata, Januari 1884, ndo bomu likapasuka. Preston North End walitoka 1-1 na Upton Park ya London, Upton Park wakakata rufaa kwamba Preston wanalipa wachezaji. Meneja wa Preston, William Sudell, mtu wa kiwanda cha pamba, angeweza kukana kama wengine wote walivyokuwa wanakana. Hakukana. Akasema ndiyo, tunawatafutia kazi mjini, na kila klabu kubwa ya huku inafanya hivyo. Preston wakatolewa mashindanoni. Lakini ndani ya mwaka huo klabu za kaskazini zikakaa Manchester zikatishia kujitoa na kuanzisha chama chao, British Football Association, FA ikaona ikikaza kamba itabaki na timu za wasomi peke yao. Tarehe 20 Julai 1885 kulipwa kukahalalishwa.

Ila soma walivyohalalisha. Mchezaji wa kulipwa haruhusiwi Kombe la FA mpaka awe amezaliwa au ameishi miaka miwili ndani ya maili 6 kutoka makao ya klabu. Na 1886 James Forrest wa Blackburn Rovers alipoitwa timu ya taifa kucheza na Uskoti, Waskoti wakalalamika kwa sababu yeye analipwa, ikabidi avae jezi ya rangi tofauti na wenzake. Wenzake kumi nyeupe, yeye bluu. Fikiria hiyo picha, unaichezea nchi yako na umetiwa alama kama ng'ombe kwa kosa la kupokea mshahara.

Kitu ambacho watu hawakiongelei sana ni kwamba ligi yenyewe, hii tunayoangalia kila wikiendi dunia nzima, ni mtoto wa mshahara. Ukishaajiri watu unadaiwa kila wiki, lakini mechi zilikuwa za kirafiki na za makombe ya mitaa, mpinzani anaweza asitokee au akaleta kikosi cha pili, watu wanarudi nyumbani na kiingilio chao mfukoni. William McGregor, muuza nguo Birmingham na kiongozi wa Aston Villa, aliliona hilo, na tarehe 2 Machi 1888 akaandika barua kwa klabu chache akipendekeza kila timu iwe na mechi za uhakika, nyumbani na ugenini. Tarehe 17 Aprili wakakubaliana kwenye Royal Hotel hapo hapo Manchester, eneo la Piccadilly, ukitoka makumbusho unafika kwa miguu tu. Timu 12, sita za Lancashire na sita za katikati ya nchi, London hakuna hata moja. Mechi za kwanza zikapigwa 8 Septemba 1888. Ratiba iliwekwa ili mishahara ilipike, mpangilio wote wa mpira wa kisasa umekaa juu ya hitaji hilo.

Msimu huo wa kwanza Preston ya Sudell ilicheza mechi 22, ikashinda 18, sare 4, haikufungwa hata moja, na Kombe la FA ikabeba bila nyavu zake kutikiswa. Lakini Sudell mwenyewe 1895 alifungwa jela miaka mitatu kwa kuchota hela za kiwanda alichokuwa anakisimamia. Akitoka akaenda Afrika Kusini akawa mwandishi wa michezo, akafia Cape Town 1911. Huyu bwana namheshimu kwa kusema ukweli 1884, ila namsoma pia kama onyo, timu bora ya zama zake na hesabu haziko wazi.

Halafu kuna Arthur Wharton. Hapa naomba mtu asome taratibu. Amezaliwa Jamestown, Accra, 1865, wakati huo wakiita Gold Coast, akaja Uingereza akiwa kijana kusomea kazi ya dini na ualimu. Akawa kipa. 1886 pale Stamford Bridge alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10, rekodi. Preston hiyo hiyo ikamchukua, akadaka walipofika nusu fainali ya Kombe la FA 1887. 1889 Rotherham Town wakamsaini kwa mshahara, na anatajwa kama Mwafrika wa kwanza, mtu mweusi wa kwanza kabisa, kucheza soka la kulipwa. Akapita Sheffield United, akamalizia Stockport County 1902. Baada ya hapo? Mgodini. Alichimba makaa ya mawe Yorkshire mpaka uzeeni, akafa Desemba 1930, akazikwa Edlington kwenye kaburi lisilo na jina. Jiwe liliwekwa 1997, miaka 67 baadaye, baada ya watu kuchangishana. 2003 makumbusho haya yakamwingiza kwenye orodha yao ya magwiji, na 2014 akajengewa sanamu kituo cha timu ya taifa, St George's Park. Nilimfikiria muda mrefu sana. Mtu katoka kwetu Afrika kafika pale mwanzo kabisa wa jambo hili, kabla hata Ligi haijawepo, na mpira ulipomaliza naye ukamrudisha chini ya ardhi akiwa hai.

Wengine watasema huyo ni mmoja, bahati mbaya. Hapana, ulikuwa mfumo. Klabu zilipokubali kulipa zilihakikisha pia mchezaji hana pa kwenda. Kuanzia miaka ya 1890 klabu ikishakusajili ilikuwa na haki ya kukushikilia hata mkataba ukiisha, hata kama haikulipi, na bila ridhaa yao huchezi kwingine kwenye Ligi. 1901 wakaweka kikomo, hakuna kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Miaka minne baadaye Alf Common aliuzwa kutoka Sunderland kwenda Middlesbrough kwa pauni 1,000, mtu wa kwanza duniani kufika bei hiyo. (Ndiyo, Sunderland, jina ambalo Simba wetu walilitumia mpaka 1971.) Hiyo elfu ilienda kwa klabu. Yeye kikomo chake kilikuwa nne kwa wiki.

Ndo maana picha niliyoipenda kuliko zote za enzi hizo ni ya 1909. Wachezaji wa Manchester United, mabingwa wa Ligi wa 1908, wenye Kombe la FA la mwaka huo wa 1909, wamekaa kama timu yoyote inavyokaa kupigwa picha na mbele yao kibao kimeandikwa The Outcasts F.C., yaani klabu ya waliotengwa. Billy Meredith na kepteni Charlie Roberts walikuwa kati ya walioanzisha chama cha wachezaji Desemba 1907, Manchester hiyo hiyo. FA ikaamuru kila mchezaji ajitoe kwenye chama la sivyo afungiwe. Wengi nchini wakajitoa. Hawa wakagoma. Walikuwa na familia na kodi za nyumba, na wakaenda kupiga picha na kibao. Chama kikapona, ingawa kikomo cha mshahara kiliendelea kukaa mpaka Januari 1961, kilipoondolewa kilikuwa pauni 20, na mara moja Johnny Haynes wa Fulham akapanda mpaka 100. Ile haki ya kumshikilia mchezaji nayo ilipasuliwa mahakamani na George Eastham 1963.

Siwezi kuondoka bila kutaja sanamu ya Lily Parr, ipo hapo makumbusho toka 2019. Winga wa Dick, Kerr Ladies, wasichana wa kiwanda cha Preston, ambao siku moja baada ya Krismasi 1920 walijaza watu 53,000 kwenye uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Wakicheza walikuwa wanapewa shilingi 10 za kufidia siku ya kazi. Tarehe 5 Desemba 1921 FA ikawafungia wanawake viwanja vyote vya klabu zake, na pamoja na yale maneno kwamba mpira haufai kwa mwanamke, sababu nyingine waliyoandika ni hela, eti mapato hayaendi yote kwenye hisani. Shilingi kumi! Ni kosa lile lile la Preston 1884, na safari hii waliofungiwa walikaa nje karibu miaka 50.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo hii mchezaji fulani wa ligi yetu hana mapenzi na timu kwa sababu ameuliza mshahara wa miezi mitatu uko wapi, mimi nasimama na mchezaji. FIFA imeshazifungia klabu kadhaa za ukanda wetu huu kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha, na kila likitokea mashabiki wanamtukana aliyeshtaki. Anayepaswa kuulizwa ni aliyesaini mkataba akijua hana hela. Na kule chini, madaraja ya chini, ligi za mikoa, wapo vijana wanacheza kwa nauli na ahadi ya mdomo, hakuna mkataba, hakuna bima, goti likienda ni la mama yake. Malipo ya kificho yanamlinda anayelipa. Mchezaji anachobaki nacho siku ya kuumia ni kilichoandikwa tu, na kama kimeandikwa stoo basi yeye ni wa stoo.

Jioni ile kabla sijatoka nilimpigia baba mdogo. Nikamweleza habari za Suter na mawe, akacheka mpaka akakohoa, akasema huyo ni mwenzangu kabisa. Nikamweleza ya kibao cha 1909 akanyamaza kidogo, akauliza, na waliwafukuza? Nikamwambia hapana, msimu ulianza wakarudishwa uwanjani. Akasema ngoja nitafute kitu kwenye sanduku.

Kesho yake akanitumia picha WhatsApp. Slipu ya mshahara, Machi 1986, karatasi imekuwa njano na imekunjwa mara nne, cheo Msaidizi wa Stoo. Chini yake picha ya pili, slipu ile ile kaigeuza nyuma, na kwa kalamu ya bluu iliyofifia ameandika mwenyewe mechi za mwezi huo, nne, na pembeni ya kila moja magoli yake na dakika.